Ufuo ni wa umma, njia je?

Juzi nimekuta ukuta. Saruji bado mbichi, vigae vya chupa vimepachikwa juu, umekatiza njia ya miguu tuliyozoea kuteremkia pwani huku kusini mwa Diani. Askari wa pale, kijana mpole, akaniambia, "Mama, zunguka kule hotelini." Kule nako kuna geti.

Nimekasirika, na hasira haijaisha. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Haki hiyo ina faida gani kama huifikii ila kwa dau? Mwanamke anayetafuta pweza hana nafasi ya kuzungukazunguka mageti. Siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, mwamba hukaa wazi saa chache tu, kisha maji yanarudi, na akichelewa kushuka, watoto wake watalala bila kitoweo.

Nendeni Gazi muone pwani inavyotembeleka. Ghuba imetulia, rasi ya Chale inaikinga upande wa mashariki na miamba upande wa kusini. Unaanzia kijijini, unapita daraja la mbao la akina mama katikati ya mikoko, chini yako kaa madume wanapunga gando lao moja kubwa na kuchomoka mashimoni. Maji yakiwa yamekupwa, unarudi kwa ufuoni hadi kijijini tena. Mikoko hiyo ilifyekwa vibaya miaka ya 1970 kwa kuni za kuchomea chokaa na matofali. Ilianza kupandwa upya 1991, na tangu 2013 mradi wa kijamii wa Mikoko Pamoja unauza hati za hewa ya ukaa inayofyonzwa na mikoko hiyo, fedha zinaingia kwenye maji na shule. Wanaoilinda ni wale wale wanaoipitia kila siku. Mtu aliyefungiwa nje ya pwani yake ataionea uchungu gani?

Wezi wapo, nakubali, na aliyenunua kiwanja ana haki ya kulala usingizi. Ajenge, lakini aache kichochoro cha watu wawili kupishana. Taka tunazotupa ufuoni ni aibu yetu, tuzizoe wenyewe.

Kaunti nayo isiidhinishe ramani ya kiwanja chochote cha pwani kabla wazee wa mtaa hawajaitwa kuonyesha njia zilipo, na njia hizo zichorwe humo humo kwenye ramani.