Dawa za jamii ya afyuni kwa mbwa wanaopasuliwa: tunaogopa dhara lisilo lenyewe

Mfugaji anapoambiwa kwamba mbwa wake atadungwa mofini au methadoni kabla ya upasuaji, mara nyingi hofu yake huwa ni moja tu: kwamba mnyama atakosa pumzi. Hofu hiyo haikuzuka hivi hivi. Dawa za jamii ya afyuni zimeua watu wengi kwa kuzima pumzi, na hata miongoni mwa madaktari wa wanyama wapo wanaotetea upasuaji usiotumia kabisa dawa hizi, wakisema kwamba kutapika, moyo kwenda polepole, tumbo kuzubaa na mnyama kuamka akiwa amechanganyikiwa ni gharama kubwa mno ilhali njia nyingine za kutuliza maumivu zipo. Hoja zao ni za kitaalamu na hazistahili kubezwa. Hata hivyo, naona mjadala mzima umeelemea dhara ambalo kwa mbwa si kubwa kiasi hicho, huku madhara yanayomsumbua kweli yakitajwa kwa haraka na kupitwa.

Tuanze na pumzi. Mbwa aliye macho, akipewa dozi ya kawaida, hapungukiwi pumzi kama binadamu anavyopungukiwa. Tatizo hujitokeza akiwa chini ya nusukaputi, hasa anapopewa fentanili, afyuni yenye nguvu sana, mfululizo kwa dripu, kwa sababu hapo gesi ya usingizi na dawa ya maumivu huungana kuizuia pumzi, na mnyama anaweza kuacha kabisa kupumua kwa muda. Lakini wakati huo mrija wa hewa huwa tayari umo kooni, na msaidizi anaweza kumpulizia hewa mpaka pumzi irudi. Naloksoni nayo huitengua dawa ndani ya dakika chache. Inahitaji mkono wa tahadhari, kwa kuwa ikimiminwa yote kwa mkupuo huondoa pia utulivu wa maumivu, na nguvu yake huisha mapema kuliko ya dawa inayoitengua. Moyo unaokwenda polepole pia una tiba, yaani atropini au glaikopirolati.

Jambo linalosahaulika ni kwamba gesi yenyewe ya nusukaputi huzuia pumzi, hulegeza mishipa na hushusha shinikizo la damu. Mbwa aliyetulizwa maumivu vizuri huhitaji gesi kidogo zaidi ili alale. Anayeiacha dawa ya afyuni kwa kuogopa pumzi, asipoweka nyingine yenye nguvu inayolingana nayo, hulazimika kuongeza gesi pindi mnyama anapoanza kushtuka chini ya kisu, na hapo hatari aliyoikimbia inarudi kwa njia nyingine. Isitoshe, maumivu yasiyozuiwa mapema huufanya uti wa mgongo uzidi kuwa mwepesi wa kuhisi, hata mguso mdogo baadaye ukawa maumivu makali, na dawa inayotolewa kwa kuchelewa hupata kazi ngumu zaidi.

Kutapika ni suala jingine, na hapa wapinzani wana haki kubwa. Mofini huichochea sehemu ya ubongo inayohisi sumu katika damu, na mbwa asiye na maumivu, kama yule anayeletwa kuhasiwa, hutapika mara nyingi kuliko yule aliyevunjika mguu. Kutapika kwa namna hiyo si kero tu ya kusafisha sakafu: kwa mbwa mwenye kidonda kirefu cha jicho, aliyeumia kichwa, au wa mbegu ya pua bapa ambaye njia yake ya hewa tayari ni finyu, kunaweza kuleta janga. Kwa hao mofini haifai, na methadoni, ambayo ni nadra kutapisha, ndiyo ya kuchagua. Maropitanti ikidungwa takriban saa moja kabla huzuia matapishi vizuri, ila haizuii tindikali kupanda kwenye umio mnyama akiwa amelala. Tindikali hiyo hupanda kimyakimya, bila mtu kuiona, na kwa mbwa wachache huunguza umio hadi ukapata kovu na kuwa mwembamba, kisha siku au wiki baadaye mnyama anaanza kurudisha kila tonge analomeza. Dawa za nusukaputi nazo zinachangia dhara hili, lakini afyuni haiwezi kuondolewa lawama.

Dhara linalonishughulisha kuliko yote ni fadhaa ya baada ya upasuaji. Mbwa yumo kizimbani, ametolewa mrija muda si mrefu, analia kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka, anatapatapa, macho hayamfuati anayemwita. Mfugaji akimwona hivyo husema anaumia. Huenda anaumia kweli. Huenda pia ni usingizi tu unaomtoka, hali inayopita ndani ya dakika chache, au ni dawa yenyewe iliyomvuruga. Njia ya kutofautisha ni ya mikono: mwite jina, mguse kichwa, kisha bonyeza polepole pembeni ya kidonda. Mwenye maumivu kwa kawaida hugeuka, hujikaza au hujaribu kuukinga mwili wake. Aliyevurugwa na dawa huendelea kulia kama vile hujamgusa. Kipimo cha maumivu kilichotungwa katika Chuo Kikuu cha Glasgow, chenye alama 24 katika muundo wake mfupi, humtaka daktari aongeze dawa alama zikifika 6, lakini kelele nazo zina alama zake, kwa hiyo mbwa mwenye fadhaa anaweza kuonekana kwenye karatasi kuwa ana maumivu na akaongezewa kilekile kilichomvuruga. Palipo na shaka, naunga mkono kwanza kumwongezea dozi ndogo ya kutuliza maumivu na kumtazama. Akizidi kuchachawa, butofanoli kidogo, ambayo ni afyuni dhaifu inayotengua kwa sehemu zile zenye nguvu, au naloksoni iliyozimuliwa itampunguzia. Mbwa wa jamii ya Collie wenye kasoro ya jeni ya MDR1, inayoacha dawa ziingie ubongoni kwa wingi, wapunguziwe butofanoli, kwani huwalewesha kupita kiasi.

Kuhema nako huwapotosha wengi. Dawa hizi hushusha kiwango cha joto ambacho ubongo unakilinda, hivyo mbwa huhema kana kwamba amepigwa na jua, ilhali mwili wake unapoa, na anayempunguzia blanketi anamdhuru.

Wanaotaka upasuaji bila afyuni hutegemea ganzi ya eneo, ketamini na deksmedetomidini (dawa zisizo za afyuni zinazolaza au kutuliza na pia kupunguza maumivu), na dawa za kupunguza uvimbe. Ganzi ya bupivakaini ikiwekwa na mkono uliozoea ni tiba bora kabisa, na kwa mguu unaokatwa au korodani zinazotolewa inaweza kubeba sehemu kubwa ya mzigo. Tumboni na kifuani kazi ni ngumu zaidi. Tramadoli ya vidonge, ambayo wengine huiona kama afyuni ya upole, si mbadala, kwa sababu mwili wa mbwa hutengeneza kwa uchache sana kile kiini kinachofanya kazi ya afyuni.

Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008, uliohusisha mbwa zaidi ya 98,000, ulionyesha kwamba takriban asilimia 0.17 walikufa kwa sababu zinazohusiana na usingizi wa dawa au utulizaji. Vifo hivyo havikuwa vya afyuni peke yake. Kinachonigusa ni kwamba karibu nusu vilitokea baada ya upasuaji kwisha, na karibu nusu ya hivyo ndani ya saa 3 za kwanza, yaani wakati mrija umeshatolewa na wengi wameshahamia kwa mgonjwa mwingine. Ndiyo maana, pale ambapo hakuna wa kukaa na mbwa hadi aamke sawasawa, nakubaliana na wapinzani kwa sehemu: fentanili ya dripu isitumike humo, mbwa apewe ganzi ya eneo pamoja na methadoni au buprenofini, afyuni nyingine, ya dozi ya kawaida, na upasuaji upangwe asubuhi ili saa za hatari zipite kabla wahudumu hawajaondoka.