Shingo ya mtumwa na kiti cha mtawala: je, Uislamu ulituletea uhuru?

Chuoni, yaani madrasani, tulihifadhi Sura ya al-Balad ya Qurani kabla hatujajua maana ya neno hata moja. Tumekaa juu ya mkeka, mwalimu ana kifimbo mkononi, nasi tunayumba mbele na nyuma: wamaa adraaka mal-aqabah, fakku raqabah. Nilishakuwa mtu mzima siku niliyoketi na tafsiri nikaona kile nilichokuwa nikikisoma miaka yote. Aya inauliza: unajua ni ipi ile njia ngumu ya kupanda mlima? Kisha inajibu: ni kuifungua shingo ya mtumwa. Kumlisha mwenye njaa na kumlea yatima kunafuata baadaye. Shingo imetangulia.

Masheikh wetu wakisema Uislamu ni chemchemi ya uhuru wa binadamu na utawala wa haki, aya hiyo ni mojawapo ya shahidi zao, na ni shahidi mzito. Wanaowapinga nao hawana haja ya kwenda mbali. Watakupeleka Mkunazini, Unguja, mahali palipojengwa kanisa kuu la Anglikana. Hapo palikuwa na soko la watumwa hadi 1873, katika mji wenye misikiti kila mtaa, wenye makadhi, na wenye sultani aliyeswali swala tano. Aya ilisomwa, na soko likafanya kazi. Mimi ni Mwislamu na naamini upande wa kwanza, lakini naona tumezoea kuutetea kwa njia rahisi mno.

Tuanze na sheria yenyewe, maana wengi wanaoshambulia hawaijui na wengi wanaotetea hawaitaji. Mafakihi, yaani wanachuoni wa sheria ya dini, waliweka kanuni kwamba asili ya binadamu ni uhuru. Mtoto wa kuokotwa, asiyejulikana baba wala mama, huhesabiwa kuwa huru, na anayedai kuwa ni mtumwa ndiye wa kuleta ushahidi. Qurani inamtaka bwana aandikiane mkataba na mtumwa anayetaka kujikomboa, na fungu moja la zaka limewekwa kwa ajili ya kukomboa watu. Kuacha mtumwa huru ni kafara ya kiapo kilichovunjwa na ya kuua kwa bahati mbaya. Suria, yaani mtumwa wa kike anayelala na bwana wake, akimzalia bwana huyo mtoto, mtoto huyo huzaliwa huru na hurithi sawa na mtoto wa mke wa ndoa, na mama huwa huru siku bwana anapofariki. Seyyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa mtoto wa suria. Katika mashamba ya Marekani, hadi utumwa ulipofutwa huko 1865, mtoto wa mama mtumwa alirithi utumwa wa mama yake, hata kama baba yake ni bwana mwenyewe. Tofauti hiyo si ndogo, na haifai kupuuzwa.

Lakini hebu tuitazame sheria hiyohiyo pale ilipowafaa wanyonge zaidi, tuone nani aliisimamisha. Kwa mafakihi, haikuruhusiwa kumfanya mtu mtumwa kwa kumvamia usiku na kumchomea kijiji. Mtu aliyezaliwa huru aliweza kuingia utumwani kwa kutekwa katika vita halali tu, na vita halali vina masharti yake. Misafara iliyotoka Manyema, mashariki ya Kongo, na pande za Ziwa Nyasa haikuwa na sharti hata moja kati ya hayo. Kwa kipimo cha fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, sehemu kubwa ya watu waliofikishwa pwani walikuwa watu huru walioibiwa. Kadhi yeyote aliyesoma angeweza kusema hivyo. Badala yake makadhi waliandika hati za mauzo, wakaamua mirathi iliyogawa watumwa pamoja na minazi. Hapa ndipo ninapoona aibu, na jibu la kwamba "hayo ni makosa ya watu, si ya dini" halinitoshi. Dini ilikuwa mkononi mwa watu hao. Wao ndio waliokuwa wasomi wake.

Mfano wa Tunisi, Afrika Kaskazini, unaonyesha kuwa ingewezekana vingine. Mnamo Januari 1846 mtawala wake, Ahmad Bey, alifuta utumwa, miaka miwili kabla ya Ufaransa kuufuta katika makoloni yake. Aliwaandikia mamufti wa madhehebu mbili, Hanafi na Maliki, akajenga hoja ya kifiqhi: hakuna uhakika kwamba watu hawa hawakuzaliwa huru, mabwana wamezidi kuwatesa, na palipo na shaka namna hii mtawala ana haki ya kuzuia. Mamufti wakakubali. Wakosoaji watasema Bey alikuwa akisukumwa na balozi wa Uingereza, na ni kweli msukumo ulikuwepo. Hata hivyo hoja zilitoka ndani ya vitabu vyetu, zikakubaliwa na wanachuoni wetu, kwa lugha yetu ya dini.

Zanzibar haikwenda hivyo. Barghash alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, tarehe 5 Juni 1873, baada ya Waingereza kumtishia kuizingira nchi yake kwa meli za kivita. Hali ya utumwa yenyewe ilibaki halali hadi amri ya Aprili 1897, iliyotolewa na Sultani Hamoud, ambaye Waingereza walimweka baada ya kulipiga mizinga kasri Agosti 1896. Hata amri hiyo ilikuwa na mikunjo. Mtumwa hakuwa huru mpaka aende mahakamani kudai, bwana akalipwa fidia, na aliyeachwa huru bila makazi wala kazi aliweza kuhesabiwa mzururaji. Masuria waliachwa nje ya haki hiyo ya kudai hadi 1909, isipokuwa kwa sababu ya ukatili. Mwingereza naye alikuwa akiihesabu karafuu iliyolimwa na watumwa hao, kwa hiyo anayesema uhuru wetu uliletwa na Ulaya aisome amri hiyo vizuri kabla hajaendelea.

Kuna jambo moja la wakati huo ambalo hunigusa kila ninapolifikiria. Pwani ya Kenya, utumwa ulipokuwa ukifutwa, walikuwepo watu ambao karatasi ya serikali haikuwatuliza. Walitaka bwana mwenyewe atamke kwamba amewaacha huru kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Bila tamko hilo waliona ndoa zao na mirathi yao vina walakini mbele ya dini. Fikiria uzito wa jambo hilo. Dini iliyokuwa na ufunguo wa shingo yao walikuwa bado wanaiamini kuliko serikali, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mtu aliyewamiliki. Kiswahili chetu kinalo neno la zamani la mtu aliye huru, asiye mtumwa: muungwana. Leo tunalitumia kwa mtu mwenye adabu, na asili yake tumeisahau.

Upande wa utawala hadithi inafanana. Abu Bakr, khalifa wa kwanza baada ya Mtume, alipokabidhiwa ukhalifa mwaka 632, wapokezi wa sira, yaani historia ya Mtume na wakati wake, wanasema alisimama akawaambia watu: nimetawalishwa juu yenu nami si mbora wenu, nikifanya vyema nisaidieni, nikikosea ninyosheni. Sijui hotuba nyingi za watawala wa karne ile zinazoanza hivyo. Ndani yake mna jambo zito: mtawala yuko chini ya sheria kama mtu mwingine, na waliomweka wana haki ya kumnyoosha. Qurani nayo inaamuru shura, yaani kushauriana, na inataka waumini wasimamishe uadilifu hata kama ni juu ya nafsi zao wenyewe, wazazi wao na jamaa zao.

Swali gumu ni kwamba wamnyooshe vipi. Haukupita hata nusu karne kabla ukhalifa haujawa mali ya ukoo: Muawiya alimrithisha mwanawe Yazid, na mwaka 680 mjukuu wa Mtume, Hussein, akauawa Karbala. Tangu hapo mafakihi wengi wa Kisunni walichagua subira. Ulipita msemo kwamba miaka sitini chini ya imamu dhalimu ni bora kuliko usiku mmoja bila mtawala. Ni rahisi kuwacheka leo. Wao walikuwa wameona damu.

Maibadhi wa Oman, wafuasi wa madhehebu yasiyo ya Kisunni wala ya Kishia, walijaribu njia nyingine, na jambo hili linatuhusu sisi wa pwani kwa sababu waliotutawala walitoka huko. Kwao imamu huchaguliwa na wanachuoni na wakubwa wa watu, hapewi kwa ukoo, na akipotoka huondolewa. Walifanya hivyo kweli. Mwaka 886 Imamu al-Salt bin Malik, aliyekuwa mzee sana, alilazimishwa kuachia kiti. Kilichofuata ni ugomvi wa makabila na vita vya wenyewe kwa wenyewe, na miaka saba baadaye jeshi la ukhalifa wa Abbasiya likaivamia nchi. Haki ya kumwondoa mtawala ilikuwepo. Utaratibu wa kumwondoa bila nchi kupasuka haukuwepo. Na ukoo wa Busaidi, uliotawala Oman na Zanzibar, ulipohamia baharini na kwenye biashara, watawala wake waliacha cheo cha imamu wakajiita seyyid. Zanzibar haikupata kuwa na imamu wa kuchaguliwa. Tulipata sultani, na mwanawe, na ndugu yake.

Wanaotaka dini ikae kando na serikali huishia hapa na kusema: mmeona, maadili mazuri bila katiba ni maneno. Nakubaliana nao nusu. Maadili peke yake hayajamwondoa dhalimu kitini. Lakini katiba nazo tumezishuhudia, Afrika yetu hii, zikibadilishwa usiku mmoja na mtu aliyetaka kuongeza muhula, na wasomi wa sheria wakamsaidia kuandika vifungu. Mwanachuoni aliyeandika hati ya mtumwa aliyeibiwa na mwanasheria huyo ni ndugu. Wote wanakula mkononi mwa mwenye nguvu. Ndiyo maana naona siri ya haki katika historia yetu ilikuwa kwenye jambo ambalo halitajwi mimbarini: riziki ya mwanachuoni ilitoka wapi? Abu Hanifa, aliyefariki 767, alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, na alikataa kuwa kadhi wa khalifa al-Mansur hata akafungwa. Wakfu, yaani mali iliyotolewa daima kwa ajili ya dini, ulipokuwa na nguvu, msikiti na chuo vilijilisha vyenyewe, na sheikh hakuhitaji kumwogopa gavana. Wakfu ulipoingia mikononi mwa serikali, za kikoloni na zilizofuata, sauti nayo ilipungua.

Leo mjadala huu wa pwani umebaki zaidi kwenye mahakama za kadhi. Kenya ilizibakiza kwenye katiba ya 2010 baada ya mabishano makali: kadhi anaamua mambo ya ndoa, talaka na mirathi, kwa Waislamu waliokubali wote kufika kwake, na rufaa inakwenda Mahakama Kuu. Wapinzani walihofia wanawake kunyimwa usawa, na hofu hiyo haikutoka hewani, kwani katiba yenyewe imelegeza kifungu cha usawa kwa mambo hayo. Lakini pita barazani asubuhi uone nani wamekaa kwenye benchi na bahasha mapajani. Wengi ni wanawake. Wamekuja kudai matumizi, au talaka ambayo mume hataki kuiandika. Mwanamke huyo anamtumia kadhi kumshika mume kwa sheria ambayo mume hawezi kuikana bila kuikana dini yake. Ni uhuru wa aina fulani, mdogo, na ni wa kweli. Ungekuwa mkubwa zaidi kama naye angeweza kukalia kile kiti cha kadhi, kama ilivyo katika mahakama za sharia za Malaysia na Palestina.

Nikitafuta mtu wa kwetu wa kuonyesha pande zote mbili kwa pamoja, humkumbuka Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui wa Mombasa. Barghash alimfunga kwa sababu ya mafundisho yaliyogombana na madhehebu ya watawala, na hakutoka mpaka Barghash alipofariki 1888. Mwislamu alifungwa na sultani Mwislamu kwa kufundisha Uislamu. Mwanawe, Sheikh al-Amin, ndiye aliyekuja kuanzisha magazeti ya Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, akiwakemea Waislamu wenzake kwa uvivu wa elimu na kuonyesha wanavyopoteza haki zao chini ya wakoloni. Baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya hadi alipofariki 1947. Mshahara wake ulitoka kwa serikali ya Mwingereza.