Mtihani Haupo

Ijumaa, saa mbili kasorobo asubuhi, nilikuwa bwaloni na karatasi 64 za mtihani wa fizikia, kalamu sita za akiba, na paka. Paka ni wa jikoni, hakuja kufanya mtihani. Saa mbili ikagonga. Saa mbili na robo. Mpishi akachungulia dirishani.

"Mkufunzi, leo umewahi chakula?"

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Mei ya 2024 haikutuonea huruma sisi watu wa kusini. Mwanzoni mwa mwezi kilipita kimbunga Hidaya, barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam ikakatika kule Somanga, na wanachuo wangu waliokuwa wakirudi Mtwara wakakwama njiani. Waliofika walifika na tope hadi kwenye daftari. Hatujakaa vizuri, tarehe 12 nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika, na simu zetu zikageuka tochi. Mtandao ulipotengemaa, mada yangu ya umeme ilikuwa na deni la vipindi tisa.

Kwenye kikao cha wakufunzi nikasimama. Bora ningekaa.

"Madam," nikamwambia mkuu wa chuo, "vipindi vya fidia nitafundisha usiku, kwa mtandao. Na chuo hakitatoa hata senti."

Mhasibu, ambaye vikaoni husikiliza akiwa amefumba macho, akafumbua.

Sikuwa najigamba bure. Nilikuwa nimeshapakua kitabu cha fizikia cha OpenStax, kile cha Chuo Kikuu cha Rice kule Marekani, ambacho wenyewe wameruhusu mtu akipakue na kumgawia mwenzake bila kuomba ruhusa. Nilikuwa na majaribio ya PhET pia, yale ya kufanyia kwenye kioo cha kompyuta. Hayo yalianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman wa Chuo Kikuu cha Colorado, mwaka mmoja tu baada ya kupewa Nobeli ya fizikia. Badala ya kujijengea nyumba ya maana akaona atengeneze vitu vya kutusaidia sisi. Unaburuta betri, unaburuta waya, unaburuta taa, na vielektroni vya buluu vinaanza kutembea kwenye waya kama siafu. Ukiunganisha waya tupu, betri inatoa moto. Maabara yetu ina amita mbili za kupimia mkondo wa umeme, na moja imeganda kwenye tatu tangu niajiriwe. Kwa hiyo mtu akinionyesha elektroni inayotembea, mimi huwa mnyonge.

Uzuri mwingine wa haya majaribio ni kwamba ukishayapakua hayahitaji mtandao tena. Ukate, usikate, elektroni zinatembea tu. Likumbuke hilo, maana ndilo lililonimaliza.

(Kuhusu kitabu: mwanachuo mmoja alikipeleka steshenari kukichapa. Kina kurasa zaidi ya elfu moja. Alirudi akaniambia kwa adabu kubwa, "Mkufunzi, hiyo bure yako imefika laki na ushee.")

Upande wa mkutano nilitumia programu ambayo kila mtu anaijua, toleo la bure. Wenyewe wameandika wazi: watu mwisho 100, dakika mwisho 40. Mimi ile 100 niliisoma vizuri sana.

Jumatano saa moja na nusu usiku nikafungua darasa nikiwa sebuleni kwangu Mikindani. Walioingia ni simu thelathini na kitu, lakini kila simu ilikuwa na vichwa viwili vitatu, maana bando ni la kuchangiana. Majina sasa! "Bi Dada." "Mzee wa Kazi." "iPhone 15 Pro Max," ambaye simu yake naijua, ina mpira wa manati unaoshikilia betri. Na mmoja ameandika "Fundi Simu Chuno." Huyo nikamuuliza yeye ni nani.

"Mimi fundi, mwalimu. Mwanafunzi wako simu yake naitengeneza, nimemwazima yangu. Yuko hapa hapa. Endelea tu."

Nikaendelea. Nikauliza: kwa nini betri imewaka moto? Kimya. Bi Dada kimya. Mzee wa Kazi, sijui kazi gani, kimya. Akajibu fundi: "Hiyo shoti, mwalimu. Hakuna ukinzani, moto wote unapita kwa mpigo. Mie kila siku naletewa hizo."

Nikampa hongera. Basi akawa ndiye mwanachuo wangu bora, ila nyuma yake redio ilikuwa inanguruma na mtu anagonga kitu kwa nyundo, ikabidi nimzime sauti. Na ili asijisikie vibaya, nikawazima wote.

Nilifundisha usiku ule! Sakiti sambamba, sakiti mfululizo, nikawasha moto mara tatu kwa maombi ya watu walioandika "tena mkufunzi." Mwishoni nikakumbuka tangazo. Mtihani wa Ijumaa ulipangwa kufanyika ukumbini, lakini ukumbi ulikuwa umekodishwa kwa harusi, hivyo tulihamishiwa bwaloni.

Sasa, nina tabia moja. Nikiwa na jambo zito, sentensi naikata katikati, natua, watu wakae sawa. Niliirithi kwa marehemu babu yangu, aliyekuwa anatua hadi watu wanadhani amesinzia.

Nikasema: "Jamani tusikilizane vizuri. Mtihani wa Ijumaa haupo..."

Nikatua. Nikanywa na maji.

"...ukumbini. Upo bwaloni. Saa mbili kamili, kila mtu na rula yake." Nikaendelea na maelezo ya sehemu A na sehemu B, nikaonya juu ya kuangaliziana, nikawausia na kuhusu kulala mapema. Kwenye kioo elektroni zilikuwa zinatembea vizuri kabisa. Kimya kilikuwa kingi, lakini si niliwazima mwenyewe?

Mke wangu akatokea jikoni. "Baba watoto, unaongea na nani?"

Kuangalia dirisha la mkutano, limeandika muda umekwisha. Nikajua umekwisha sekunde ile ile, nilipomaliza. Nikashukuru hata: dakika 40, kama nilizipima kwa rula.

Kwenye grupu la darasa meseji zilikuwa zinamiminika. "Asante sana mkufunzi." "Mungu akuzidishie." "Wewe ni zaidi ya mzazi." Mioyo, mikono ya dua, mmoja kaweka keki. Nikampa mke wangu simu aone watoto wa watu wanavyoipenda fizikia. Tuliisoma wote wawili, mimi machozi yananilengalenga.

Turudi bwaloni. Saa mbili na nusu nikafungua simu, nikaona stetasi ya kiongozi wa darasa. Wako kwenye kivuko. Wanavuka kwenda Msangamkuu, ufukweni, darasa zima, wana sufuria, spika na galoni la juisi. Chini ameandika: "Mkufunzi kaupiga mwingi."

Nikapiga simu. Muziki ukapunguzwa.

"Wewe! Mtihani!"

"Shikamoo Mkufunzi. Si ulisema haupo?"

"Nilisema haupo ukumbini!"

Kikapita kimya cha kivuko, unasikia injini tu.

"Ukumbini haikutufikia, Mkufunzi. Wewe ulisema haupo, ikakata."

Sikuamini hata kidogo. Niliona ni njama, watu zaidi ya hamsini wamekaa wakapanga. Wakati huo wakatokea wanachuo saba mlangoni, wanahema, wawili wana maua ya plastiki mikononi. Walikwenda ukumbini, wakakuta watu wanapamba, wakapewa viti wapange, wakapanga karibu vyote ndipo wakashtuka kwamba huo si utaratibu wa mtihani. Nikawauliza, ninyi mbona mmekuja?

"Sisi Jumatano hatukuwa na bando, Mkufunzi. Hatukuingia."

Nikawapa karatasi, nikamwachia mwenzangu usimamizi, nikakamata kompyuta yangu na kwenda ofisini kwa mkuu wa chuo. Somo nilikuwa nimelirekodi lote, ili wasio na bando nije kuwawekea kwenye flashi. Ushahidi ninao.

"Madam, sikiliza mwisho tu. Uone watoto wa siku hizi walivyo waongo."

Tukasikiliza. "Jamani tusikilizane vizuri. Mtihani wa Ijumaa haupo." Kisha glasi ikagonga meza, na rekodi ikaisha.

Madam akairudisha. Haupo. Akamwita makamu, naye akasikiliza. Haupo.

"Ni wewe unayesema hapa?"

"Ni mimi, Madam. Ila hapo pana mkato."

Akavua miwani. "Mkufunzi, mkato siusikii. Mimi nasikia nukta."

Mtihani ukahamishiwa Jumatatu, na kwa kuwa saba walishauona ule wa kwanza, ilibidi nitunge mwingine na kuchapa karatasi upya. Nikaenda kwa mhasibu kuomba hela ya kuchapisha. Safari hii hakufumba macho kabisa. Alinitazama muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole kama lile neno "hata senti" lipo kwenye muhtasari wa kikao au aende akalitafute. Nililipa mwenyewe.

Jumamosi nilikuwa nafuta meseji kwenye simu. Siku hizi namba nisiyoijua huwa sifungui, kila mmoja anataka ile hela nitume kwenye namba hii. Ilikuwepo moja ya Jumatano, saa mbili na dakika kumi na mbili usiku. Nikaigusa kwa bahati mbaya, ikafunguka.

"Mwalimu ni mimi fundi wa Chuno. Sentensi yako haikuisha. Mtihani haupo wapi?"