Miezi Sita ya Uchumba Inamtosha Nani?

Katika kanisa ninalosali hapa Nyakato, Mwanza, na katika makanisa mengine kadhaa ya kilokole ninayoyafahamu kuanzia Igoma hadi Kirumba, kijana anayetaka kuoa humwona mchungaji kwanza, jina la binti hupelekwa kwenye kamati ya ndoa, na uchumba ukishatangazwa mbele ya washirika hutarajiwa kufika madhabahuni ndani ya miezi sita. Wanaoomba muda zaidi huulizwa wanasubiri nini, na swali lenyewe huwa limeshabeba jibu: ama kijana hana nia ya kweli, ama wawili hao wameshaanguka na wanatafuta pa kujificha. Mimi ni mjumbe wa kamati ya namna hiyo, huu ukiwa mwaka wangu wa saba, na nimefika mahali pa kuamini kwamba wanaoomba muda hatujawasikiliza ipasavyo.

Hoja ya wanaotetea uchumba mfupi si ya kupuuzwa. Wanasimama juu ya neno la Paulo katika 1 Wakorintho 7:9, kwamba ni heri kuoa kuliko kuwaka tamaa, na wanaufahamu mji huu, ambamo kijana na binti wanaweza kupanga chumba kimoja Mabatini na wazazi wao walioko Sengerema wasijue lolote. Wapo mabinti waliochumbiwa miaka minne, wakazaa, kisha mwanamume akaoa kwingine. Wazee wetu wamekaa na mabinti hao wakilia, na hawataki kuyaona tena. Wanaongeza kwamba hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya siku 21 tu kabla ya ndoa kufungwa, hivyo miezi sita ni mingi. Juu ya kutokukutana kimwili kabla ya ndoa hakuna ubishi wowote kati yetu na wao, wala kati yetu na Wakatoliki, ambao Katekisimu yao, namba 2350, inawataka wachumba waishi usafi wa kimwili kwa kujizuia. Tunachotofautiana ni muda, na kile ambacho muda huo unapaswa kufanya.

Mfano unaopendwa sana katika mafundisho ya uchumba mfupi ni Rebeka, aliyeposwa jioni na kuondoka asubuhi. Lakini Mwanzo 24 inasema kwamba kabla hajaondoka waliita wakamwuliza, "Utakwenda na mtu huyu?" naye akajibu, "Nitakwenda." Swali lile lilikuwa na maana kwa sababu jibu la hapana liliwezekana. Wachumba wetu hulijibu lini swali hilo? Katika miezi sita tunayowapa, mwezi wa kwanza ni wa barua ya posa na kupatana mahari, na iliyobaki ni ya vikao vya michango, sendofu, ukumbi na sare za wasimamizi. Wakikutana, hukutana kwenye kikao, katikati ya wajomba.

Mwaka jana wachumba wawili waliitwa mbele ya kamati kwa kosa la kuonekana wamekaa peke yao juu ya mawe ya ufukweni, upande wa Kamanga, karibu na Jiwe la Bismarck, saa saba mchana. Nilimwuliza binti walikuwa wanafanya nini. Akafungua mkoba, akatoa daftari la kurasa arobaini na kulisukuma mezani. Upande mmoja palikuwa na deni la kijana la pikipiki na ada za wadogo zake wawili, upande wa pili palikuwa na kiasi ambacho binti humtumia mama yake kila mwezi, na chini, kwa mwandiko wa kijana, swali ambalo halijajibiwa: "Mama akiugua atakaa kwetu?" Kamati iliwaonya na kuwataka wasirudie. Nami nilikaa kimya, na ukimya ule unanisumbua hadi leo.

Lipo jambo jingine ambalo daftari lile halikuwa nalo, wala fomu yetu ya uchumba haina. Fomu inauliza tarehe ya kuokoka na ya ubatizo, haiulizi selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Vipimo vya watoto wachanga vilivyofanyika katika hospitali ya Bugando vimeonyesha kwamba takribani mtoto mmoja kati ya watano amebeba kinasaba cha ugonjwa huo, jambo lisiloshangaza kando ya ziwa hili lenye malaria, kwa kuwa kinasaba kimoja peke yake humkinga mtu dhidi ya malaria kali. Mmoja kati ya watano, mara mmoja kati ya watano: katika kila ndoa ishirini na tano, moja inaweza kuwakutanisha wabebaji wawili, na katika kila mimba yao uwezekano wa mtoto kuzaliwa mgonjwa ni robo. Nimejaribu kuiweka hesabu hiyo kando na imekataa. Kamati yetu imepitisha ndoa zipatazo hamsini tangu nijiunge nayo. Nyumba moja kati ya hizo naijua. Mtoto wao alikuwa na miezi minane nilipokwenda kuwaona, viganja vimevimba, akilia kila anapoguswa, na baba na mama kila mmoja anaamini kwamba ugonjwa umetoka kwenye ukoo wa mwenzake, wakati ugonjwa huu hauji pasipo pande zote mbili.

Nitajibiwa kwamba kipimo cha damu hakihitaji mwaka mzima, na ni kweli. Kinachohitaji muda ni kile kinachofuata: kuwaambia wazazi, kuomba pamoja, kuamua kama wataendelea wakijua kinachowangoja, au wataachana bila kuchafuana majina. Hakuna anayeweza kufanya hayo wakati kadi zimeshachapishwa na ng'ombe wameshafika kwa wakwe. Wenzetu Wakatoliki wameandika katika Kanuni ya 1062 ya sheria za Kanisa lao kwamba ahadi ya uchumba haimpi mtu haki ya kudai ndoa ifungwe, na Sheria ya Ndoa nayo ina kifungu cha kurudisha zawadi uchumba unapovunjika. Wote wawili wametambua kwamba uchumba unaweza kuishia njiani pasipo mtu kuwa mzinzi. Kwetu sisi, binti anayevunja uchumba bado hutajwa kwenye maombi ya toba.

Sisemi wachumba waachwe miaka mitano bila msimamizi. Ninachotetea ni uchumba wa mwaka mmoja au zaidi kidogo, wa wazi, ambao wawili hao wanaweza kukaa mchana kweupe wakazungumza, na kanisa likawa karibu bila kuwa polisi. Wanaofichwa gizani na hofu yetu ndio hasa wanaoanguka.

Wachumba wa lile daftari walipima mwezi Februari, na wote wawili ni wabebaji. Wameandika barua kuomba ndoa isogezwe mbele miezi minne. Wazee wawili wa kamati wanasema kuchelewa huko ni kumfungulia Shetani mlango. Barua inahitaji saini tatu, nami nimeshaweka yangu.