Amplifaya iliyopiga kelele kuliko mwenyewe

Jamaa yangu mpiga gitaa aliniletea amplifaya yake ya valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti, imekufa kabisa, transfoma ya kutolea sauti, ile inayoipeleka kwenye spika, imeungua. Nikamwambia hiyo ni kazi ndogo sana. Hilo ndilo lilikuwa kosa la kwanza, maana neno "ndogo" likitoka mdomoni mwa fundi ujue kuna balaa linakuja nyuma yake.

Nikaagiza transfoma mpya, nikafuata rangi za waya zilivyokuwa kwenye ile ya zamani, nyekundu katikati, bluu kwenye valvu hii, kahawia kwenye ile. Nikatoa valvu zote, nikawasha kupitia balbu ya wati 60 iliyofungwa kwenye mfululizo, ikamulika kidogo ikafifia, maana yake hakuna shoti. Hapo nilitakiwa nirudishe valvu nijaribu tena kupitia balbu hiyohiyo, lakini jamaa alishafika, amekaa na gitaa lake mapajani kama mgeni anayesubiri chai, na mimi mbele za watu huwa naota pembe. Nikachomeka moja kwa moja ukutani.

Valvu huchukua sekunde kama 20 mpaka 30 kupata moto. Kwa hiyo ikawa kimya. Nikamwambia "unasikia? hata mvumo hakuna, kazi safi hiyo."

Weee. Ikaanza kama inzi, ikawa king'ora, sekunde moja mbele ni kama treni imeingia chumbani, na gitaa hata halijachomekwa! Jamaa akaingia chini ya meza na gitaa lake. Mimi badala ya kuzima nikachomoa waya wa spika, jambo ambalo namkataza kila mtu, kwa sababu amplifaya ya valvu ikifanya kazi bila spika volti zinapanda ndani ya transfoma mpaka zinaweza kuruka cheche na kuiua, na hiyo transfoma ina dakika moja tangu izaliwe. Spika ikanyamaza, nikasikia transfoma yenyewe inaimba kwa sauti nyembamba, kama mtoto aliyefungiwa chooni. Ndipo nikakumbuka swichi, na kwa papara nikazima ya stendibai kwanza, ile ya kuiacha amplifaya ingoje na moto wake, halafu ya umeme.

Sasa kwenye hiyo amplifaya ukizima hivyo, umeme unabaki umefungiwa kwenye kapasita za mwanzo, vile vikopo vinavyohifadhi umeme, hauna pa kutokea. Mimi huyo nimeshaigeuza, nimeshika bisibisi, nataka kuangalia kama kuna waya imegusa. Bisibisi ikateleza kati ya mguu wa kapasita na bodi ya chuma, PAAA! Volti 450 hivi. Stuli ikaenda kwake na mimi kwangu. Bahati mkono wa kushoto ulikuwa mfukoni, umeme usipate njia ya kukatiza kifuani, hiyo ni tabia pekee nzuri niliyokuwa nayo siku ile. Ncha ya bisibisi imeliwa kama imeumwa na panya, sasa hivi naitumia kufungulia makopo ya rangi.

Kutoka chini ya meza sauti ikauliza "fundi, hiyo nayo ni kawaida?"

Siku mbili nzima nimebadilisha valvu ndogo, nimelehemu upya waya wa athi, nimegonga kila kitu kwa kijiti cha mbao, kelele ipo palepale (safari hii kila nikizima naweka klipu yenye rizista ya kilo-ohm 10 ya kunyonya umeme uliobaki polepole, nasubiri mita ishuke chini ya volti 10, nimepata adabu). Mwisho nikachomoa ule waya mmoja wa fidibaki, unaorudisha sauti kidogo kutoka kwenye spika mpaka ndani ya amplifaya, na kelele ikakata kama imekatwa na kisu. Kumbe transfoma mpya imezungushwa kinyume na ya zamani, rangi ni zilezile lakini rangi siyo msahafu, kwa hiyo fidibaki badala ya kuituliza sauti ilikuwa inaichochea. Dawa ni kubadilishana bluu na kahawia, bluu iende kwa kahawia na kahawia kwa bluu, basi. Dakika nne, ukihesabu na kupuliza moshi.

Jamaa akaja kuchukua, akasimama mlangoni amejiziba masikio mpaka sekunde 30 zikaisha. Kimya. Akachomeka gitaa, akapiga, sauti tamu kweli. Akapiga tena, akaniangalia kama ana la kusema lakini anaona aibu.

"Fundi, ile kelele ya juzi... huwezi kuniwekea na swichi yake?"