DS3231, ila ng'oa rezista kwanza

Wanaojiundia kompyuta za Z80, ile prosesa ya zamani, hapa Mwanza nawajua kwa ugonjwa mmoja: wakifika kwenye chipu ya kutunza saa, wanataka DS12887. Tamaa yenyewe naielewa. Chipu hiyo ni ya ukoo wa MC146818, iliyotunza saa ndani ya kompyuta ya IBM AT ya 1984, na betri yake imo humo humo. Hapo ndipo balaa lilipo. Betri hiyo imetengenezwa idumu miaka kama 10, na chipu nyingi zinazouzwa zimetolewa kwenye mabodi ya zamani. Ikifa utakaa na tupa unakwangua plastiki upachike betri ya nje. Isitoshe, anwani na data zinapita kwenye pini zile zile, Z80 imezitenganisha, kwa hiyo mageti ya ziada hayakwepeki.

Mimi nasema chukua DS3231, chipu nyingine ya saa.

Kuna na DS1307, nayo chipu ya saa: ni rahisi zaidi, na ina baiti 56 za kumbukumbu ambazo DS3231 haina. Lakini inategemea kristali ya nje ya 32,768 Hz, kile kipande kinachotetema kuipa saa mapigo, na kristali hizo huenda sawa kwenye nyuzi 25 hivi. Joto likipanda, saa inachelewa. Weka kasha lako juu ya kabati, nyumba ya mabati isiyo na dari kule Mabatini, saa nane mchana. Ndani ya kasha zikifika nyuzi 45, saa inapoteza zaidi ya sekunde moja kwa siku, na hapo sijahesabu kasoro ya kristali yenyewe. DS3231 inajipima joto na kujirekebisha. Kati ya nyuzi 0 na 40 haizidi takriban dakika moja kwa mwaka.

DS3231 inaongea kwa I2C, njia ya kuunganisha chipu kwa nyaya mbili; isikutishe. Pini mbili tu, programu inazipandisha na kuzishusha yenyewe. Ni polepole, sawa, lakini nani anasoma saa mara elfu kwa sekunde? Namba zinakuja kwa BCD, yaani kila tarakimu na biti zake nne, na Z80 ina DAA, amri ya kusahihisha hesabu za namba hizo.

Sasa ile bodi ndogo ya bluu inayobeba DS3231. Ina dayodi na rezista iliyoandikwa 201 za kuchaji betri, kwa kuwa ilikusudiwa LIR2032, betri inayochajiwa. Madukani hapa utapewa CR2032, ambayo haichajiwi. Ukiilazimisha kwa volti 5 inaweza kuvimba au kuvuja. Ing'oe rezista hiyo kabla hujawasha chochote. Betri itaendelea kushika saa umeme ukikatika, na kwetu unakatika.

La mwisho kwa wanaotaka kioo kionyeshe saa za Kiswahili: chipu ibaki kwenye saa 24, programu ndiyo ipunguze saa sita wakati wa kuonyesha. Ukiiseti chipu yenyewe hivyo, tarehe itabadilika saa kumi na mbili asubuhi, na mafaili yako ya usiku wa manane yatakuwa na tarehe ya jana.