Niliambiwa soksi tu

Mwaka jana, wiki moja baada ya Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, nilimwuliza mtoto wa darasa langu la shule ya Jumapili swali nililodhani ni jepesi. Ana miaka minane. Jumapili iliyotangulia alikuwa amesimama mbele ya usharika mzima, gauni jeupe, soksi nyeupe mpaka magotini, akaghani Zaburi ya 23 yote, mistari yake sita, bila kukwama, na akina mama wakapiga vigelegele. Nikamwambia, "Haya mwanangu, Bwana ndiye mchungaji wangu. Mchungaji ni nani?"

"Ni yule baba anayevaa kola."

"Na ile fimbo?"

Akafikiri kidogo. "Ya kuwachapa watoto wanaopiga kelele."

Hakuna mwenzake aliyecheka. Nao walijua hivyo hivyo.

Mtoto hana kosa. Hapa Moshi ng'ombe wetu wako bandani, wanakatiwa majani na kuletewa, na mtoto wa Majengo au Pasua anaweza kufika darasa la tatu hajawahi kuona mtu akichunga. Kosa lilikuwa langu. Wiki tatu za mazoezi nilimjaza maneno tu, kwa sababu sikukuu ilikuwa inakaribia. Baada ya ibada, watu wakiwa wamezunguka mnada wa mikungu ya ndizi, nilimfuata mama yake nikamweleza. Alinyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, mimi ningejuaje mnafundisha Zaburi hiyo? Niliambiwa soksi tu."

Neno hilo halijanitoka mpaka leo. Tulikuwa tumewaita wazazi mara mbili, tukawatajia bei ya soksi, rangi ya gauni, na mchango wa soda. Somo lenyewe hatukulitaja. Halafu mimbarani tunawalaumu kwamba wamelala, kwamba watoto wanalelewa na televisheni na dada wa kazi. Nimechoka kusikia lawama hiyo. Mzazi hawezi kuendeleza nyumbani kitu ambacho kanisa halijamwambia kimeanza.

Sisi Walutheri hatuna kisingizio kabisa. Katekisimu Ndogo ambayo watoto wetu wanaibeba kwenda kipaimara, Luther aliitoa mwaka 1529, baada ya kuzitembelea sharika za Saxony, huko Ujerumani, na kukuta watu hawajui hata mambo ya msingi, na wachungaji wengi hawawezi kufundisha. Aliiandika ili baba wa nyumba aweze kuwafundisha watu wa nyumbani mwake kwa njia rahisi. Leo tumeihamishia darasani Jumamosi, mwinjilisti anaisomesha, mzazi anakutana nayo siku ya kulipia picha. Kumbukumbu la Torati sura ya 6 nayo inamwambia mzazi ayanene maneno haya aketipo nyumbani na atembeapo njiani. Hiyo njia ni yake. Mimi mwalimu wa Jumapili siendi na mtoto huyo shuleni, sokoni wala kwa bibi yake.

Na njiani ndiko mambo yalikotengenezeka. Wiki chache baadaye mama yule alisafiri na binti yake kwenda Arusha kumwona shangazi. Walipopita Boma Ng'ombe, tambarare ile, kijana wa Kimasai alikuwa na kondoo kando ya lami. Mama akamwonyesha dirishani: yule ndiye mchungaji. Binti alirudi darasani akatusimulia wote kwamba kondoo mmoja alitaka kuingia barabarani, gari linakuja, na kijana akamzuia kwa fimbo, akamrudisha kwa wenzake. "Hakumpiga, mwalimu." Mama alimaliza kwa dakika moja, ndani ya basi, kazi iliyonishinda wiki tatu.

Kwa hiyo ninaposema kanisa liwasaidie wazazi, sina maana ya semina kubwa ya siku mbili yenye mgeni rasmi. Wazazi waambiwe somo mapema. Wapewe swali moja la kuuliza na, kama lina ugumu, waelezwe jibu bila kuaibishwa, maana wengi wanaogopa kuulizwa na mtoto kitu wasichokijua. Wanaobatiza watoto wakae na mchungaji zaidi ya ile nusu saa ya kujaza fomu. Ahadi wanayoitoa wao na wadhamini ni nzito mno kwa nusu saa. Na kwenye ibada za jumuiya mtoto apewe asome, asitumwe nje kucheza. Watoto wanaosoma shule za Kiingereza wanahitaji hilo zaidi. Nimemwona mwenye alama nzuri sana shuleni akikwama kwenye "vyanifariji" kama amekutana na lugha ya kigeni. Bibi aliyeishia darasa la nne ndiye aliyemwambia, "Ni vinanifariji, mjukuu wangu." Timotheo naye imani ilimfikia kwa njia hiyo, kutoka kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike.

Siku hizi kila Alhamisi jioni natuma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi mistari ya Jumapili inayokuja, pamoja na swali moja. Mwanzoni walijibu "Amina" wakaishia hapo. Tulipofika Luka 19, habari za Zakayo, bibi mmoja anayelea wajukuu wawili kule Old Moshi alinitumia ujumbe wa sauti. Jogoo anawika nyuma yake, yeye anauliza: "Mwalimu, mkuyu aliopanda Zakayo ndio huu wetu wa mtoni, au ni mwingine wa huko kwao?"

Nilitafuta, nikamjibu kwamba ndio huo huo, aina ile ile. Jumapili wajukuu wake walifika na makuyu mifukoni, mengine yamepondeka, wakawagawia wenzao kabla sijafungua Biblia.